Tangu nianguke, naona matawi mawili

SWALI: Shikamoo daktari. Ni mkulima wa zabibu wa Hombolo, umri miaka 34. Wiki saba zilizopita nilianguka na bodaboda nikitoka mnada wa Msalato, nikagonga kisogo na kuzimia dakika chache. Kidonda kimepona, lakini nikiinama kupogoa naona matawi mawili, moja juu ya jingine, tena limelala upande. Juzi nimekata la kubaki, nikaacha la kutoa. Kushuka ngazi ndiyo mtihani. Mahali fulani niliandikiwa miwani, haikusaidia kitu. Je, jicho langu limekufa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Funika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Kama kila mara tawi linabaki moja, jicho halijafa. Yote mawili yanaona, ila hayatazami pamoja, na miwani ya kawaida haiyarudishi pamoja.

Ninayoishuku ni neva ya nne, yaani mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye jicho. Neva zinazoendesha macho ni tatu kila upande: ya tatu, ya nne na ya sita. Hii ya nne ni nyembamba kuliko zote, inatokea nyuma ya shina la ubongo ikazunguka hadi mbele, kwa hiyo kichwa kikitikiswa kwa nguvu huumia kirahisi. Inaendesha msuli mmoja tu, ule unaolishusha jicho likiwa limeelekea puani. Ndiyo maana unasumbuka ngazini na kwenye mizabibu, pale unapotazama chini.

Muulize mwenzako nyumbani kama siku hizi unalaza kichwa begani. Wengi hufanya hivyo bila kujijua, ili picha mbili zikutane.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu ndani ya miezi 6, hivyo upasuaji wa misuli ya jicho haukimbiliwi. Kwa sasa ziba jicho moja unapofanya kazi, au daktari wa macho akuwekee prizimu, yaani kioo kinachopindisha mwanga ili picha mbili zikutane, kwenye miwani. Pikipiki usiendeshe kabisa.

Lakini kama hujapigwa CT ya kichwa, kipimo cha mashine kinachoonyesha ndani ya fuvu, omba rufaa wiki hii. Kope ikianguka, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, kichwa kikazidi kuuma, ukatapika au kusinzia ovyo, nenda siku hiyohiyo, hata usiku. Tafadhali usingoje mavuno.

Ukienda, beba picha zako za kabla ya ajali. Daktari atataka kujua kichwa kilianza lini kulala upande.