Punda anayerusha mateke ukimfungulia: angalia anavyolala

Ndugu mfugaji wa Bahi, nimesoma habari ya punda wako. Anavuta mkokoteni wa maji kwa utulivu, lakini siku ya kumfungulia akale anarusha mateke, anatoka mbio na kamba, na jioni mnamsaka watu wanne. Waliotangulia wamekujibu kwamba shukrani ya punda ni mateke, mchape atazoea. Naomba usimchape. Nafuga punda hapa Chamwino, Dodoma, na dume langu lilinivunja ubavu kwa tabia hiyohiyo.

Ilikuwa Januari. Mvua zetu hunyesha Desemba hadi Aprili, maji yanapatikana karibu, mkokoteni unalala, na ndiyo miezi aliyonisumbua zaidi. Nilisimama naye langoni, nyuma kidogo ya bega lake. Punda wa jirani walikuwa wanapita kwenda korongoni. Nikalegeza kamba kabla hajatoka vizuri. Alijirusha mbele, miguu ya nyuma ikapanda, nikajikuta chini sipati pumzi. Nilipopona nikamchapa wiki nzima. Akaelewa jambo moja tu: mtu akishika kamba langoni, maumivu yanafuata. Akazidisha mbio.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Kigogo, jirani yangu. Alikuja alfajiri, hakumgusa mnyama, akatazama zizi. Akaniuliza: "Huyu analala na nani? Na usiku unampa nini?" Alikuwa analala peke yake, maana mwenzake nilimuuza baada ya mavuno. Na kila usiku nilimpa sado ya pumba na mashudu ya alizeti, nikiamini namjenga.

Punda ni mnyama wa nchi kavu. Tumbo lake limezoea nyasi ngumu na mabua, vitu vya kutafuna muda mrefu. Ukimlisha pumba nyingi halafu hana kazi, amefungwa tangu jioni, unategemea atoke vipi? Upweke nao ni jambo zito kuliko tunavyodhani. Punda wawili waliozoeana wakitenganishwa, aliyebaki anaweza kugoma kula, na punda asiyekula siku chache mafuta humjaa kwenye damu, anaweza kufa. Wangu alikuwa anakula vizuri, lakini kila asubuhi alikuwa anawakimbilia wale wa jirani. Nami nilimwita mkorofi! Bado inaniuma.

Pumba nikaacha, nikampa mabua ya mtama usiku kucha. Nikatafuta punda mzee aliyehasiwa wa kulala naye, na wangu nikamwita daktari wa mifugo akamhasi, kwa sababu dume zima likinusa jike aliye kwenye joto halisikii la mtu.

Halafu lango, na hapa nakuomba usome polepole. Mtoe nje kabisa, kisha mgeuze uso uelekee lango alilotokea, wewe ukiwa upande wa lango. Simameni. Usimvue hatamu akiwa amekaza shingo. Subiri kichwa kishuke, masikio yalegee, aanze kutafuna mdomo mtupu. Siku za kwanza nilisubiri karibu robo saa. Mpe kishada cha majani ya karanga, na wakati anatafuna mvue hatamu taratibu, urudi nyuma hatua mbili tatu uingie langoni. Akitaka kukimbia itabidi ageuke kwanza, na mateke yatakukuta uko mbali. Hatamu na kamba vibaki mkononi mwako. Kamba inayoburuzwa hunasa kwenye miiba, na kumfunga miguu ya mbele usithubutu. Nimeshaona kidonda cha kamba kilichofika kwenye mfupa.

Kuhusu kumsaka jioni: sisi tulikuwa tunamshika kwa ajili ya kazi tu, kwa nini asikimbie? Mwanangu akaanza kumfuata malishoni saa nane mchana, anampa majani kidogo, anamkuna chini ya shingo, anamwacha anaendelea kula. Kila siku. Wiki ya tatu punda akaanza kumfuata yeye.

Pitisha pia mkono kifuani na kwapani, mikanda ya mkokoteni inapokaa. Akishtuka, huenda ana kidonda, na hicho kitibiwe kwanza.

Umesema kuna mtu anataka kumnunua usiku, haulizi umri wala afya. Usimpe. Anayenunua hivyo anataka ngozi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na ukimuuza, kiangazi maji atakubebea nani?

Nijibu mawili nikushauri zaidi: amehasiwa? Na usiku analala na nani?