Kuta Zinazowaka Kama Kandili

*Safu ya Reli Ndogo: maswali yenu na majibu ya fundi*

SWALI: Shikamoo mzee. Nimejenga stesheni ya kadibodi ya treni za mfano kwa kipimo cha HO (kila kitu kimepunguzwa mara 87): paa la bati, milango minne, ofisi ya karani wa tiketi, chumba cha kusubiria na stoo. Nilipoweka taa ndani usiku nilitegemea madirisha yawake. Badala yake kuta zote zikang'aa kama kandili na mwanga ukachungulia kwenye kila kona. Tena kati ya taa sita za LED nilizonunua Kariakoo, tatu ziliungua papo hapo nilipoziunga kwenye adapta ya volti 12. Nimekosea wapi? – Msomaji, Kurasini

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nimekulia kwenye kota za reli pale Gerezani, na ninachokikumbuka zaidi kuhusu majengo ya reli usiku ni giza lake. Ukikaa barazani ulikuwa unaona dirisha moja la njano na taa ya mlangoni, basi. Jengo lenyewe ulilikisia tu kwa vile lilikuwa jeusi kuliko mbingu. Kwa hiyo tuanze na giza, taa zitafuata.

Kadibodi hupitisha mwanga, hata ile nene ya boksi. Paka rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani wa kila ukuta, mikono miwili, na usisahau upande wa chini wa paa. Ikikauka, juu ya weusi huo paka nyeupe ndani ya vyumba utakavyowasha. Nyeusi inazuia mwanga usitoke ukutani, nyeupe inausambaza chumbani ili taa moja ndogo itoshe. Wapo wanaobandika karatasi ya fedha ya jikoni badala ya rangi. Inaziba kweli, lakini ile ni alumini, inapitisha umeme. Waya mmoja uliochunika ukiigusa, unapata shoti ndani ya nyumba uliyokwisha kuibandika paa. Mimi siitumii.

Kwenye kona, kata vipande vya karatasi nyeusi ya manila upana wa milimita 5, vikunje katikati, vibandike kwa ndani kuanzia chini hadi juu. Fanya hivyo pia pale ukuta unapokutana na sakafu, maana hapo ndipo mwanga unapotambaa nje kama maji. Kisha fanya jaribio hili kabla ya kuweka waya wowote: washa tochi ya simu, ilaze mezani ikitazama juu, ifunike na stesheni yako, zima taa ya chumbani. Utaziona nyufa zote. Weka alama kwa penseli, ziba, jaribu tena. Stesheni yangu ya sasa niliirudia mara nne, na ya nne nilifurahi kama mtoto.

Sasa taa zilizoungua. LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi. Wewe umeipa 12 bila kitu cha kuuzuia umeme, ikaungua. Kila LED iwe na rezista yake, yaani kile kipande kidogo kinachopunguza umeme unaopita. Hesabu ni hii: 12 toa 3, zinabaki 9. Kwa nyumba ndogo mkondo wa miliampea 5 unatosha kabisa. 9 gawanya kwa 0.005 unapata omu 1,800. Mwambie muuzaji akupe rezista za 1.8K, akikosa, chukua 2.2K, taa itafifia kidogo na itapendeza zaidi. Usijaribu kutumia rezista moja kwa taa zote sita zilizoungwa sambamba. LED hazifanani hata zikitoka pakiti moja, kuna itakayovuta zaidi ya wenzake na ndiyo itakayotangulia kufa. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Ukilehemu, gusa sekunde mbili au tatu tu, kisha ondoa moto.

Lakini kwa nini uhangaike na volti 12? Chaja ya simu inatoa volti 5. Hapo rezista ya omu 470 inakupa kama miliampea 4, na chaja moja ya kawaida inaendesha mtaa mzima. Pitisha waya mbili nene chini ya ubao, nyekundu na nyeusi, kila nyumba ijiunge hapo. Usichukue umeme wa taa kwenye reli yenyewe kama unatumia kidhibiti cha kawaida, kile kinachobadili mwendo wa treni kwa kupandisha na kushusha volti za reli, kwa sababu treni ikipunguza mwendo nyumba nazo zitafifia, na ikisimama stesheni, stesheni inazimika.

Zamani mimi nilitumia balbu za tochi. Kibanda changu cha kwanza cha mwashiria treni nilikiacha kimewaka tangu magharibi hadi isha, paa lake la plastiki likalainika likabonyea katikati. LED ndogo ukiipa miliampea 4 au 5 nilizotaja haina joto la kuyeyusha kitu.

Nimeacha kwa makusudi kitu ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni rangi ya mwanga. Dukani utaulizwa nyeupe au ya njano. Nunua zote mbili. Tembea usiku mtaani kwenu uangalie. Duka la mangi lina mwanga mweupe unaoelekea bluu. Nyumba ya nyuma yake ina balbu ya njano. Kwa muuza chipsi kuna taa moja inayoning'inia juu ya kabati la kioo: viazi vinang'aa, mikono yake inaonekana hadi kwenye viwiko, uso nusu, miguu haipo. Niliwahi kusimama hapo Chang'ombe hadi muuzaji akaniuliza kama nimepoteza kitu. Niliporudi nyumbani nilichukua LED ya njano, nikaisugua kichwa kwa msasa hadi kikawa bapa ili mwanga utawanyike, nikaipaka rangi nyeusi ubavuni, nikaitundika kwenye kijiti cha meno juu ya kiboksi cha plastiki angavu. Wageni wakija, hapo ndipo wanapoinama kwanza, wakati treni inapita nyuma yao.

Kwa stesheni yako: ofisi ya karani iwake nyeupe, chumba cha kusubiria njano hafifu, stoo iachwe giza kabisa. Tenganisha vyumba kwa kuta za kadibodi zilizopakwa nyeusi. Nyuma ya vioo bandika ile karatasi ya wachora ramani inayoonyesha kwa ukungu, na LED ikae darini, mtu anayechungulia asiione yenyewe.

SWALI: Shikamoo. Mjomba kaniletea kutoka Ujerumani kichwa cha treni cha HO na reli zake. Nataka kutengeneza Reli ya Kati ya zamani. Itafaa? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. HO ni kupunguza kila kitu mara 87. Reli zako zina upana wa milimita 16.5; zidisha kwa 87 unapata 1,435, yaani upana wa SGR, reli yetu mpya ya kisasa. Reli ya Kati, iliyoanzia hapa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ni ya mita moja. Kwa HO hiyo ni milimita 11.5. TAZARA ina milimita 1,067, inakuja 12.3. Reli ndogo za milimita 12 zipo na zinakaribia zote mbili, ila itakubidi upate na magari yake.

Usizitupe za mjomba. Majengo hayajali upana wa reli. Mlango wa mita 2.1 ni milimita 24, mtu wa kawaida ni kama milimita 20, iwe ni SGR au reli ya mkoloni. Weka reli zako mbele, na nyuma yake jenga stesheni ya zamani na mtaa wa mabati. Hapa mjini kwetu reli ya zamani na mpya zinaanzia jirani, kwa hiyo hutakuwa umesema uongo.

Bati ni rahisi. Mikunjo ya bati halisi imeachana milimita 76 hivi, nayo kwa HO haifiki hata milimita moja. Tandika karatasi ya fedha juu ya gazeti lililokunjwa, chukua kalamu ya wino iliyokwisha, chora mistari kila milimita moja kwa kufuata rula. Kata vipande vya milimita 30, vipandishe kimoja juu ya kingine kuanzia chini ya paa kwenda juu, kisha pakaza kutu kwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana. Chini yake kuwe na paa la kadibodi lililopakwa nyeusi, na waya wa taa usiguse bati.

SWALI: Mzee, umeme ukikatika naunga nyumba zangu tatu kwenye pawa benki. Zinawaka kidogo halafu pawa benki inajizima. Ni mbovu? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Si mbovu. Pawa benki nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo mno, zinadhani simu imeshajaa. Nyumba tatu zenye taa moja moja zinavuta miliampea kumi na kitu tu. Ongeza nguzo za taa za barabarani na nyumba nyingine kumi hivi. Ukiona bado inajizima, unga kwenye waya zako rezista ya omu 47 ya wati 1. Kwa volti 5 itavuta kama miliampea 100 peke yake. Itapata joto, basi ikae chini ya ubao, mbali na kadibodi.