Barua kwa Mwanangu: Wimbo wa Mahafali ya Salma

Mwanangu mpendwa Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku Temeke tu wazima, twamshukuru Mungu. Umeniuliza kama wimbo wa Bongo Fleva ambao walimu wa chekechea wameuchagua kwa mahafali ya Salma unafaa kuchezwa na watoto wa miaka sita, kwa kuwa baadhi ya wazazi wenzako hawaoni tatizo lolote, wengine wamekasirika, na wewe umebaki katikati. Nimeusikiliza kwanza bila picha, kisha nikautazama pamoja na video yake, na ningependa kukujibu kwa kirefu.

Wimbo wenyewe si mchafu. Kijana amemwona binti kituoni, anayasifia macho na mwendo wake, anamwomba namba ya simu, na kwenye kiitikio anaimba juu ya asali anayotamani kuionja. Mtu mzima anaijua asali inayosemwa, ilhali Salma anawaza ile ya kwenye chupa. Mafumbo ya namna hiyo hayakuanza na vijana wa leo. Taarab imeishi nayo tangu enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na ninyi wanangu mmeyasikia harusini tangu mkiwa wadogo bila kudhurika. Kwa hiyo siungani na wanaotaka mtoto asiusikie kabisa. Atausikia kwenye daladala, atausikia dukani kwa Mangi, na ukimziba masikio kila unapopigwa atajua kwamba pale pana kitu cha kutafutwa.

Lakini wazee wetu hawakupima uzito wa maneno peke yake. Nyimbo za unyago zinataja mambo ya mwili kwa uwazi kuupita kabisa wimbo huu, na hakuna aliyeziona kuwa uhuni, kwa sababu zilikuwa na wenyewe na mahali pake. Kwa Wazaramo, wenyeji wa pwani hii yetu, aliyefundwa ni mwali aliyekwisha kuvunja ungo, mfundaji alikuwa kungwi anayejua anachokifanya, na watoto wadogo walifukuzwa wasichungulie. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mwimbaji wa taarab na pia mfundaji wa mabinti katika unyago, na kila kazi aliipa hadhira yake. Wazee waliuliza ni nani anayeimba, mbele ya nani, na kwa faida ya nani. Ukiyauliza maswali hayo kuhusu mahafali ya Salma, utaona kwamba wazazi wenzako wanabishania maneno ya wimbo wakati tatizo kubwa liko kwenye onyesho lenyewe.

Umenieleza kwamba mwalimu anawafundisha mabinti waingie wakiwa wamepakwa rangi ya midomo, wageuke, wakate kiuno, kisha wamkonyeze anayekaa mbele kama anavyofanya yule dada wa kwenye video. Kiuno chenyewe sikilaumu. Mdundiko ukipita mtaani watoto huufuata wakikata viuno tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na ni furaha tupu, kwa kuwa hakuna mtu wanayemtega. Kumkonyeza mgeni rasmi ni jambo jingine. Hapo mtoto anavishwa nafasi ya mwanamke anayemvuta mwanamume, naye haijui nafasi hiyo, wala hakuiomba. Na unajua yanayofuata katika sherehe zetu: wajomba na majirani watainuka kwenda kumtunza, noti zitabandikwa kwenye paji la uso wa mtoto wa miaka sita, na kadiri anavyojinyonganyonga ndivyo vigelegele vitakavyozidi. Mtoto hatakumbuka mashairi. Atakachokumbuka ni kile alichokuwa akikifanya pale watu wazima walipompenda zaidi. Hili linaniumiza, Mwanaidi, nami sitaki kulipamba.

Liko pia jambo ambalo hukulitaja, labda kwa sababu kiitikio kimewavuta wote. Sikiliza ubeti wa pili. Binti anakataa kutoa namba, kijana anacheka, anamfuata hadi karibu na kwao akimwambia kwamba kukataa kwake ni maringo tu, na mwishowe binti anatabasamu na kuitoa. Hapo hapana fumbo lolote, na Salma anaelewa kila neno. Wewe mwenyewe unamfundisha kwamba mtu akimshika asipotaka aseme hapana kwa sauti, akimbie, aje akwambie. Wimbo huu, kwa sauti tamu, unamweleza kwamba hapana ya msichana ni mwanzo wa mazungumzo. Ningepewa kuchagua, ningeiacha asali na kuufuta ubeti huo.

Yule mzazi anayesema wimbo haujafungiwa, basi ni salama, mjibu kwa upole. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina kazi yake. Novemba 2018 lilifungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mwezi uliofuata likawazuia wote wawili kufanya maonyesho kwa kuuimba tena jukwaani Mwanza. Lakini BASATA huamua kwa ajili ya taifa zima, watu wazima wakiwamo. Haikai kupima kama wimbo fulani unafaa kuchezwa na chekechea. Kazi hiyo imebaki kwetu wazazi na walimu.

Kwa hiyo nenda kamwone mwalimu mkuu kabla mazoezi hayajasonga mbali, uende asubuhi, peke yako au na mzazi mmoja mtulivu. Usianze kwa neno maadili, maana kila mtu hulivuta upande wake na mwalimu atajiona anatukanwa. Mwambie unaomba wimbo ubadilishwe, mweleze habari ya kukonyeza na ya kutunza, na ikibidi mkumbushe kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mpelekee na mbadala, kwa sababu huyo mwalimu ana watoto wengi na siku chache: midundo ya singeli isiyo na maneno ingewafaa sana, maana watoto wanaipenda na kasi yake inawaacha wakirukaruka bila kupata nafasi ya kuringa.

Akikataa, Salma asicheze wimbo huo. Asome shairi au ashiriki igizo. Atalia, na usimwambie kwamba wenzake wanafanya dhambi, kwa sababu hawafanyi. Mwambie kwamba ngoma ile ni ya wakubwa, na nyumbani mwekee muziki acheze apendavyo, hata huo wimbo ukipita redioni usiruke kuuzima. Nami nitakuja siku ya mahafali, nitakaa nawe mbele, na zawadi yake nitamkabidhi baada ya cheti.

Wasalaam,
Mama yako