Usilipe hiyo pedali kabla hujachomeka kibodi

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo laki mbili na themanini usiitume kwanza.

Umeandika kwamba jamaa wa Kariakoo anakuwekea pedali ya bluetooth mpaka Jumamosi, ili uwe unaikanyaga na video ya gitaa inarudi nyuma bila mkono kuachia nyuzi. Ukauliza kama hiyo ni bora kuliko kuiamrisha simu kwa mdomo, na namna ya kupunguza kasi bila sauti kuharibika. Ukauliza tena nyuzi za unene gani zinamfaa anayeanza sebene (lile gitaa la kuchezesha la muziki wa Kongo), na kama gitaa kavu linatosha. Maswali mazuri yote, ila hayo ya nyuzi na gitaa nawaachia wengine. Mimi nilipofika kwenye neno "pedali" nikaacha chai ipoe.

Nilinunua yangu mwaka 2022. Nitakwambia jambo moja ambalo muuzaji hakuniambia, na yule kijana wa kundi letu la WhatsApp anayejifanya injinia wa sauti hakuniambia: PEDALI YA BLUETOOTH NI KIBODI. Kibodi ya kawaida kabisa, ila imenyang'anywa vitufe vyote vikabaki viwili. Haijui video ni nini, wala haijui gitaa ni nini. Ukiikanyaga, simu inadhani umebonyeza kitufe, basi. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya wapiga piano na wanakwaya wanaosoma nota kwenye tableti, kwa hiyo ukiiwasha ilivyotoka dukani mara nyingi inatuma vile vitufe vya kufungua ukurasa, Page Up na Page Down. Sasa wewe video yako ina kurasa?

Sikuyajua hayo. Nilitazama video moja ya mzungu akiisifia, anakanyaga, skrini inageuka, anatabasamu. Sikuangalia kwamba skrini yenyewe ilikuwa ya nota. Nikamuuliza kijana wa kundi, "Inafanya kazi na simu?" Akajibu, "Simu zote kaka." Kweli, inaunganika na simu zote. Hata mimi naweza kuunganika na mashemeji wote, haina maana watanikopesha.

Ikafika Tanga na basi. Nikaiwasha usiku, bluetooth ikashika mara moja, nikafungua somo la solo la mpigaji mmoja wa Kinshasa, nikakanyaga kwa heshima zote. Video ikaendelea kama vile hakuna mtu chumbani. Nikakanyaga upande wa pili. Orodha ya video za chini ikapanda kidogo. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni uzito wangu.

Nikaitupia kwenye mfuko wa gitaa nikisema nitaishughulikia wikiendi. Sikuizima. Shika hapo, maana ndipo hasara ilipoanzia.

Kesho yake jioni nafungua WhatsApp nimjibu mama watoto, nagusa pale pa kuandikia, mshale unapepesa, lakini herufi za kuandikia hazipandi. Nazima simu, nawasha, wapi. Nikienda kazini simu nzima kabisa, naandika mpaka insha. Nikirudi nyumbani, bubu. Nikaanza kuhisi ni mtandao wa mtaani kwetu. Shemeji yangu mmoja akashauri nisome dua, na sikumcheka sana.

Siku ya nne nikaenda kwa fundi simu. Gitaa mgongoni, kwa sababu baada ya hapo nilikuwa na mazoezi. Unaona tunakoelekea? Pedali imo mfukoni, inawaka, na mimi nimesimama nayo nusu mita kutoka kwa fundi. Simu ikawa bubu mbele yake vizuri tu. Fundi akaipindua mara mbili, hakuuliza swali hata moja, akasema, "Software imekufa, tuiflashi," yaani kufuta kila kitu na kuiwekea software upya. Elfu ishirini na tano. Nikamuuliza vitu vyangu vitapona? Akasema picha zipo kwenye akaunti, usijali.

Picha zilipona. Lakini nilikuwa na rekodi za sauti kumi na moja. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa la rhythm, bendi za hapa hapa Tanga, na miezi yake ya mwisho nilikuwa namwekea simu kifuani anapiga taratibu, anasema "hapa kidole cha tatu, usikimbie," anarudia. Rekodi hizo zilikuwa kwenye simu, hazikuwa kwenye akaunti yoyote. Zikaenda na maji. Ndiyo maana niliposoma "nalipa Jumamosi" nimekuja na ukali, unisamehe.

Na kichekesho chenyewe bado. Simu ilipotoka kwa fundi ilikuwa nzima, kwa sababu kuiflashi kunafuta na vifaa vyote vya bluetooth vilivyokuwa vimesajiliwa. Nikamwambia fundi asante, nikamwachia na soda. Usiku nikaiunganisha pedali upya nijaribu tena, nikagusa WhatsApp: bubu. Nikakaa chini. Nikazima pedali. Herufi zikapanda. Nikawasha. Zikashuka. Nilifanya hivyo mara sita hivi, nadhani nilikuwa naomba iwe bahati mbaya.

Simu nyingi zikiona kibodi ya nje imeunganishwa zinaficha ile ya kwenye skrini, maana zinadhani unayo ya kuandikia. Kwenye Android kuna mahali pa kuiruhusu ibaki, ndani ya mipangilio ya kibodi ya nje, ni kugusa mara moja. Kazi ya sekunde tano, bure. Mimi nimelipa pedali, nauli ya kifurushi, fundi, soda, na sauti ya mjomba.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitachoka kuirudia: kabla ya kununua kitu chochote cha kukanyaga, azima kibodi ya USB ya kompyuta, nunua kile kiwaya cha OTG cha kuunganisha USB na simu (mimi nilipata kwa elfu tatu), chomeka kwenye simu ileile utakayojifunzia, fungua video ileile, kisha bonyeza kitufe kimoja kimoja uone kipi kinafanya nini. Kama hakuna kitufe kinachorudisha video nyuma kwenye kibodi yenye vitufe mia, usitegemee pedali ya vitufe viwili irudishe. Kikipatikana, muulize muuzaji: pedali yako inaweza kutuma kitufe hiki? Asipojua unaongelea nini, funga pochi.

Halafu usije ukaniambia pedali yako ina "mode" nyingi. Hata yangu inazo, nilizigundua baadaye kwenye kikaratasi chenye maandishi ya kusomwa na sisimizi: unaiwasha huku umeshikilia upande mmoja, inabadilisha vitufe inavyotuma. Nikaihamishia kwenye laptopu. Kwenye YouTube ya kivinjari, mshale wa kushoto unarudisha sekunde 5, herufi J inarudisha 10, K inasimamisha. Lakini mshale wa juu na wa chini ni sauti! Nami mode niliyoangukia ilikuwa ya juu na chini. Saa tano usiku, spika ipo wazi, kila nikikanyaga nirudie kipande, sauti inapanda. Jirani alijifunza sebene kabla yangu.

Kuhusu kuamrisha kwa mdomo nitasema kwa kifupi kwa sababu nina aibu nayo. Simu inasikia gitaa kuliko inavyokusikia wewe, na ukilinyamazisha gitaa ili useme, tayari mkono umeshatoka. Nilisema "go back" kwa Kiingereza changu cha mtaani Ngamiani, ikatii kweli: ikanitoa kwenye video ikanirudisha ukurasa wa nyuma. Niliachia hapo.

Sasa hivi natumia nini? Usicheke. Kibodi kuukuu ya ofisini waliyokuwa wanaitupa. Nimeing'oa vitufe vingi, nimebakiza kile kirefu cha nafasi na mshale wa kushoto. Mshale wa juu na wa chini ndio nilioanza nao kung'oa, kwa hasira. Juu ya mshale wa kushoto nimegundisha kizibo cha soda ili kidole gumba cha mguu kiuone bila mimi kutazama. Ipo sakafuni, waya kwenye laptopu, mguu una soksi. Wanangu wanaiita "piano ya baba." Haichaji betri, haifichi herufi za simu ya mtu, na ikifa naokota nyingine.

Mambo mawili ukifanya hivyo. Kwanza bofya kwenye video yenyewe kwa mausi kabla ya kushika gitaa, kwa sababu kile kitufe kirefu kinabonyeza chochote ulichokigusa mwisho. Kama mshale wa kuandikia umebaki kwenye kisanduku cha kutafutia, utakuwa unaandika tu. Nilipokuwa bado nina J kwenye ile kibodi, niliwahi kutafuta "jjjjjjjj" YouTube nzima, na majibu yalikuja. Pili, kitufe cha mshale wa kushoto ndicho cha kubakiza, J iache. Kishazi cha solo ya sebene mara nyingi ni cha sekunde tatu nne, na J inakurusha nyuma 10, unaishia kusikiliza utangulizi wa mwalimu akiomba watu wamfuate. Ukishusha kasi mpaka 0.5 (kwenye alama ya mipangilio ya video, sauti haishuki kimo), zile sekunde 5 za mshale unazisikia kwa sekunde 10, unapata na muda wa kuweka vidole.

Na kama video unayo kwenye kompyuta, ile programu ya kuchezea video iitwayo VLC ina kitufe cha kurudia kipande: unaweka mwanzo A, mwisho B, inazunguka yenyewe mpaka uchoke. Hapo hata mguu unapumzika. Mimi kipande kigumu nakizungusha hivyo, kibodi ya sakafuni naibakiza kwa somo refu la maneno mengi.

Pedali ninayo bado, ipo kabatini, imezimwa. Nimeangalia mara mbili. Ukifanya lile jaribio la kibodi na ukaona simu yako inakubali Page Up, nitumie ujumbe, nitakuuzia kwa laki na nusu na kikaratasi chake cha sisimizi. Ila chomeka kwanza. Uandike hapa aina ya simu na kitufe gani kimefanya nini, wapo wengine wanasubiri Jumamosi kama wewe.