Grafu Inayoporomoka Usiku

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa mtandao wa chuo hapa Mwanza. Ruta ya kampasi yetu ya Geita ninaifuatilia nikiwa hapahapa, kwa SNMP, yaani lugha ya kuuliza vifaa vya mtandao hesabu zao, na programu inaisoma kila baada ya dakika 5. Tangu tupandishe laini kutoka megabiti 50 kwa sekunde hadi 200, grafu ya kasi haivuki 114. Saa mbili usiku, hosteli zikijaa, inaporomoka hadi 5 au 30. Mkuu wa chuo anasema mtoa huduma anatuibia na anataka kumwandikia barua. Nimshauri nini?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua isubiri kwanza. Hiyo 114 inanionyesha kwamba mnasoma kaunta, yaani kihesabio cha ruta, isiyofaa.

Ruta haikupi kasi. Inahesabu baiti zinazopita, basi. Programu yako huchukua hesabu ya sasa, hutoa ile ya dakika 5 zilizopita, kisha hugawa kwa sekunde 300. Kaunta ya zamani, ifInOctets, ni ya biti 32: ikifika baiti 4,294,967,295 inaanza tena sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Ukipita mzunguko mzima ndani ya dakika hizo 5, programu haiuoni. Na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, mzunguko mmoja kwa sekunde 300 ni sawa na megabiti 114.5 kwa sekunde. Trafiki ikiwa 120, grafu inachora 5. Ikiwa 150, inachora 35. Kwa hiyo grafu ilipoporomoka, ndipo wanafunzi walipokuwa wakiitumia laini kwelikweli! Laini ya 50 isingeweza kufika huko, ndiyo maana hamkuliona mapema.

Soma ifHCInOctets (data inayoingia) na ifHCOutOctets (inayotoka), ambazo ni za biti 64. Toleo la 1 la SNMP halizijui, na la 2c hupitisha neno la siri waziwazi, kwa hiyo nenda moja kwa moja toleo la 3, lenye usimbaji. Bado nakuta ruta zenye neno "public" la kiwandani, zikisomwa kupitia intaneti, na linaniudhi sana. Kama ruta ni ya zamani na haina kaunta hizo, soma kila dakika 1. Kikomo kitapanda hadi 572 hivi.

Kisha iache grafu ichore wiki nzima. Ikigonga 200 usiku na kubaki hapo, wanafunzi wameizidi laini. Ikikwama chini ya hapo huku watu wakilalamika, barua iandikwe, na grafu iambatanishwe.