Wastani, mediani na modi: maswali yenu ya takwimu kutoka Dodoma na majirani

Mbukwenyi wadau! Nimewakusanyia maswali yenu ya takwimu, mengi yanazunguka palepale, yaani wastani, mediani na modi, ipi ni ipi na lini utumie ipi. Nimejibu yale ambayo naona yatawasaidia na wengine.

Natafuta chumba, dalali kaniambia wastani wa kodi mtaani ni elfu 80 kwa mwezi, ila majirani wote niliowauliza wanalipa chini ya hapo. Ananidanganya? (Nkuhungu)

Inawezekana kabisa hajadanganya, na bado akawa amekupoteza. Tuchukue mfano wa wapangaji tisa, kodi zao kwa maelfu ni 40, 40, 40, 45, 50, 55, 60, 70 na 320. Jumlisha zote unapata 720, gawanya kwa 9 unapata 80. Hesabu ya dalali iko sawa. Sasa angalia tena hizo namba, wanane kati ya tisa wanalipa chini ya elfu 80, aliyezidi ni mmoja tu, na huyo wala hajapanga chumba, kapanga nyumba nzima yenye geti na kisima ambayo imejengwa juzi juzi pembeni ya vile vyumba vya zamani.

Ndo hapo mediani inapoingia. Unazipanga kodi kuanzia ndogo mpaka kubwa alafu unachukua ya katikati, kwenye tisa ni ya tano, kwaiyo elfu 50. Nusu ya waliobaki wako chini yake, nusu wako juu. Na hii ina uzuri mmoja, huyo wa geti hata akipandishiwa kodi mpaka milioni moja mediani haitingishiki, inabaki 50 ileile, wakati wastani unaruka mpaka elfu 155 na ushee bila mpangaji mwingine yeyote kuongezewa hata mia. Modi ni 40, maana ndo imejirudia mara nyingi kuliko zote.

Dodoma tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mitaa mingi imechanganyika, chumba cha kawaida na nyumba ya bei kali zinapakana ukuta. Kwenye mtaa wa hivo usimuulize dalali wastani, muulize wengi wanalipa ngapi, na waombe majirani watano sita wakutajie kodi zao uzipange mwenyewe.

Namba zikiwa shufwa mediani napataje, maana katikati hakuna mtu? (mwanafunzi, Kondoa)

Mdogo wangu, zinakuwepo mbili katikati, zijumlishe ugawe kwa 2. Mfano alama 34, 71, 48, 52, 66, 48. Zipange kwanza: 34, 48, 48, 52, 66, 71. Za katikati ni 48 na 52, mediani ni 50. Hapo hakuna aliyepata 50 na wala sio kosa. Kosa linalowaangusha wengi ni kuchukua za katikati kabla ya kupanga, ungefanya hivo hapo ungeokota 48 na 52 kwa bahati tu, siku ya mtihani bahati haipo. Panga kwanza, siku zote.

Nauza viatu vya mtumba Sabasaba. Nikipiga wastani wa saizi zilizotoka wiki nzima napata kama 40, lakini saizi 40 ndo zinanidodea. Shida nini?

Dada yangu swali lako nimelipenda sana. Shida ni kwamba una makundi mawili ya wateja umeyaweka kapu moja. Wanawake wanachukua sana 38, wanaume wanachukua sana 42, ukichanganya wastani unaangukia 40, saizi ambayo hawa hawaitaki na wale hawaitaki. Data zako zina modi mbili. Hata mediani ingeweza kukutupa hapohapo katikati, kwaiyo na yenyewe isingekuokoa.

Kwenye kuagiza mzigo wewe mtu wako ni modi. Tenga daftari kurasa mbili, viatu vya kike huku vya kiume kule, kila kikitoka kiatu weka kijiti kwenye saizi yake. Mwisho wa mwezi saizi yenye vijiti vingi ndo unayoifata kwenye belo. Na modi inafanya kazi hata kwenye vitu visivyo na namba, mfano rangi, huwezi kupiga wastani wa nyeusi na kahawia lakini unaweza kujua ipi inatoka sana.

Modi inaweza isiwepo? (Bahi)

Ndio, kama kila namba imetokea mara moja tu basi hakuna modi, andika hivo hivo.

Niliuza gunia 10 za mahindi kwa 60,000 kila moja, baadae bei ikapanda nikauza 40 kwa 80,000 kila moja. Wastani wa bei si 70,000? Mwenzangu anabisha. (mkulima, Kibaigwa)

Mwenzako yuko sahihi kaka. Ukijumlisha 60,000 na 80,000 ukagawa kwa 2 unakuwa umezipa bei mbili uzito sawa wakati gunia hazikuwa sawa. Rudi kwenye hela zenyewe: gunia 10 zilikupa 600,000, gunia 40 zilikupa 3,200,000, jumla 3,800,000, gawa kwa gunia 50 unapata 76,000. Kuna mtu ataniuliza kwanini hapa nisitumie mediani baada ya kuisifia pale juu. Sababu hapa unatafuta hela yote, na wastani ndo pekee unaoshika jumla, 76,000 mara 50 inakurudisha kwenye 3,800,000 yako kamili. Mediani ya gunia hizo ni 80,000, ukiizidisha kwa 50 unapata milioni nne ambazo hujawahi kuzishika. Kwenye mapato, matumizi na michango ya kikundi, wastani ndo wenyewe.

Sensa ya 2022 inasema kaya ina watu 4.3. Hiyo pointi tatu ni mtu gani? (Mpwapwa)

Sio mtu, ni mgao. Wamechukua watu wote wanaoishi kwenye kaya wakagawa kwa idadi ya kaya. Faida yake unaiona ukiwa na kaya nyingi, kaya 1,000 zenye wastani huo ni kama watu 4,300, na hapo unaweza kupanga maji au madarasa. Na ile pointi ndo inaonyesha mabadiliko, sensa ya 2012 ilikuwa 4.7. Wangekadiria kuwa namba nzima ungeona 5 ikawa 4, ukadhani kila kaya imepungua mtu mzima.

Kwenye dodoso langu kundi la mwisho la umri ni "60 na kuendelea", wastani napigaje? (UDOM)

Kundi hilo halina mwisho, kwaiyo halina nukta ya kati, yaani ile namba ya katikati ya kundi inayosimama badala ya umri wa kila mtu ukipiga wastani, ukilazimisha unabuni. Tumia mediani, ilimradi haijaangukia kwenye kundi hilohilo la mwisho.

Tunaambiwa mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimita 500 na kitu kwa mwaka na mtama unatosheka nayo. Mbona kuna miaka mvua inafika hapo na mtama unakauka? (mzee, Chamwino)

Shikamoo mzee wangu. Wastani unajua jumla, haujui mvua ilinyesha lini. Chukua misimu miwili ya mfano, Desemba mpaka Aprili. Wa kwanza umenyesha 110 kila mwezi, jumla 550. Wa pili umenyesha 300, 200, 0, 10, 40, jumla ni ileile 550 na wastani wa mwezi ni uleule 110. Lakini huu wa pili umemwaga maji yakakimbilia korongoni mwanzoni, alafu Februari mtama unataka kubeba hakuna kitu. Mediani ya msimu wa kwanza ni 110, ya wa pili ni 40, angalau yenyewe imeshtuka kidogo. Ila hata mediani haitakwambia ni mwezi gani ulikauka, kwa hilo unahitaji kuziona namba za kila mwezi zilivyofatana. Kwaiyo ukikutana na bwana shamba usiishie kumuuliza wastani wa mwaka, muombe mvua ya kila mwezi kwa miaka kumi iliyopita, uone Februari ngapi kati ya hizo kumi zilikuwa kavu, hiyo hesabu ndo itakusaidia kuamua kama upande mtama wa muda mfupi au uwele.