Ijumaa saa tisa sipatikani

Wiki iliyopita wakili mmoja kijana, ameapishwa juzi tu na amefungua ofisi yake Makole, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mengi yalikuwa salamu. Mwisho akasema: "Kaka, kila Ijumaa jioni hupatikani, na wenzio wanasema unakwenda kutafakari. Sisi tusio na mshahara, huo muda unautoa wapi?" Nikacheka. Halafu nikaona nijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo ningeishia njiani.

Mdogo wangu, muda huo ulipatikana kwa gharama, na aliyeilipa ni mteja wangu.

Alikuwa mzee wa Bahi, shauri la majaruba ya mpunga. Tulishindwa Mahakama Kuu hapa Dodoma. Nikamtoa hofu: tunakwenda Mahakama ya Rufani. Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu hukumu itolewe, hakuna wakili asiyejua hilo. Nami nilijua. Nilichokosa ni dakika kumi za kukaa peke yangu nijiulize leo ni siku ya ngapi.

Zilikwenda wapi? Kondoa mara mbili, na mara zote mbili shahidi hakutokea. Mpwapwa, ambako nilifika nikaambiwa shauri limeahirishwa. Tangu Serikali ihamie huku kila mtu anatafuta kiwanja, basi usiku nilikuwa napekua hati za viwanja vya watu. Juu ya hayo, kamati ya harusi ya binamu yangu, mimi ndiye mweka hazina. Ukiwa wakili wa kujitegemea, faili likibisha hodi unalifungulia, kwa sababu pango la ofisi halisubiri. Nilijiona mchapakazi kweli kweli. Siku ya 34 nikiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, nikakumbuka.

Nikaandaa maombi ya kuongezewa muda na kuapa kiapo mwenyewe. Kwa msomaji asiye mwanasheria: mahakama inataka ueleze kila siku uliyochelewa, hata ikiwa moja, na uzembe wa wakili kwa kawaida hauhesabiwi kuwa sababu ya msingi. Sasa ningeandika nini? Kwamba nilikuwa nakusanya michango ya ukumbi? Maombi yalikataliwa. Nikainamisha kichwa, "Nashukuru, Mheshimiwa", kama tulivyozoea kushukuru hata tukichapwa.

Mzee hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini mbuzi wangu nawahesabu kila jioni wakiingia zizini." Akachukua fimbo yake na nakala ya hukumu, akaondoka. Mwaka jana nilimkuta stendi, nikamwamkia, "Mbukwenyi." Akaitikia vizuri kabisa, kisha akaendelea kutazama basi lake. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo Ijumaa saa tisa alasiri naacha simu kwa karani, napanda bodaboda, nashuka penye mbuyu mmoja njia ya Hombolo. Kuna mama anauza soda na ananiazima kiti. Nafungua kaunta buku. Kwanza naandika mafaili yote, moja moja, na mbele ya kila jina naandika siku zilizobaki kabla ya mlango kufungwa. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Ukurasa wa pili ndio unaoumiza: wiki hii nimefanya nini ambacho nisingependa mteja akione? Ndipo nilipogundua kwamba shauri la mirathi la mama mmoja nilikuwa nimeliombea ahirisho mara nne, kila mara kwa sababu mpya nzuri, na sababu ya kweli ilikuwa kwamba siliamini. Jumatatu nikamwita, nikamweleza. Walimalizana na shemeji zake sebuleni, na ada yangu ikapungua. Sawa.

Ushauri wangu basi ni huu: kaa peke yako. Zima simu au iache kwa mtu. Narudia, iache kwa mtu, kwa sababu ukiizima na kubaki nayo mfukoni utaiwasha. Usikae ofisini. Na usiniambie utatafakari likizo ya mahakama, kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31. Hiyo likizo unaijua na ninaijua: tunakwenda kijijini, tunakula, tunarudi na madeni ya ada za watoto. Mawakili vijana mnapenda kusema "nimebanwa" kama vile ni cheo. Kubanwa si cheo! Mimi nilibanwa hadi nikapoteza majaruba ya mtu.

Tangu nianze sijachelewesha hata siku moja, na nalisema hadharani kwa sababu nimelifanyia kazi. Mwanzo nilikuwa natoroka. Ijumaa mbili za kwanza nilikaa chini ya ule mbuyu nikiwaza bei ya mafuta. Ya tatu ndiyo niliandika kitu.

Wateja wakiuliza niko wapi, karani wangu husema niko mahakamani. Nimemkataza kusema uongo. Anasema alijaribu kuwaambia niko chini ya mbuyu, na wawili wakadai faili zao.